Matuta Aliyosema Atayafumua Mwenyewe

Mwaka wa 1966 nilikuwa na miaka tisa. Hapo ndipo shida yangu ilianza, na ilianzia kichwani.

Baba alikuwa ameenda mbali kukata mkonge, na hakuwa akituma hata salamu. Mama akaamua kwenda mji wa Sultan Hamud kutafuta kazi ya hoteli. Siku moja kabla ya kuondoka alinikalisha katikati ya magoti yake, nje ya nyumba yetu huku Kanyangi, akanisuka kutoka asubuhi mpaka jua likaanza kuteremka. Matuta saba, kutoka kwa paji la uso mpaka kisogoni, yamenyooka kama shamba la mtu mwenye bidii. Ncha akazifunga na uzi mweusi. Halafu akasema, "Mtu asiguse. Nitarudi na mvua, niyafumue mimi mwenyewe."

Mtoto akiambiwa hivyo anaelewa nini? Mimi nilielewa kwamba mama atarudi, mradi matuta yapo. Yakifumuliwa, hana cha kurudia. Msicheke. Wengi wenu mmeshikilia vitu vidogo kuliko hivyo.

Niliachwa na susu, ndiye nyanya yangu, mama yake baba. Susu alikuwa mtu wa wembe. Watoto wote wa boma lile walinyolewa upara na hakuna aliyelalamika. Mwanzoni alininyamazia. Baadaye akaanza kunusa. Majirani wakija kuomba moto aliwaambia, "Kichwa cha huyu ni kiota. Ngojeni kidogo, tutakula mayai."

Alisema kweli. Kichwa kiliwasha mpaka nikawa nakikuna na kijiti. Nikaona lazima nikioshe bila kufumua, na hapakuwa na mtu wa kunifundisha. Mara ya kwanza nilisugua kama mtu anayefua nguo, na sabuni ya kipande. Matuta yakafura kama blanketi kuukuu. Nikalia. Ndipo nikafikiri: uchafu hauko kwa tuta, uko kwa ngozi. Nikakoroga sabuni ndani ya kibuyu mpaka ikatoa povu, nikafunga kitambaa kwa kidole, nikapita njia kwa njia, katikati ya tuta na tuta, nikibonyeza bila kusugua. Tuta lenyewe unalikamua tu, kutoka juu kwenda chini, kama chuchu ya mbuzi. Ukilisugua kwenda juu umeliharibu.

Shida nyingine ilikuwa maji. Mto wetu ni mchanga mtupu. Kiangazi tulichimba, na tulichopata kilikuwa na chumvi. Sabuni ikikutana na maji hayo inaacha unga mweupe, na nywele zinakauka ngumu kama kamba. Susu aliponiona hivyo alicheka mpaka akakaa chini. "Umekuwa sufuria," akasema. "Basi tia ukwaju. Sufuria hutolewa chumvi na ukwaju."

Alikuwa ananicheka. Mimi nikaenda nikaloweka ukwaju, nikauchuja vizuri, nikamwagia kichwani mwisho. Ule weupe ukatoka. Nikakaa juani mpaka matuta yakakauka kabisa, halafu nikapaka mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto kidogo, tone tone, kwenye njia za kichwa na kwenye ncha. Nywele zikalainika. Susu alitazama tu. Lakini kesho yake mkebe wake wa mafuta haukuwa tena juu kwenye mti wa paa. Ulikuwa chini, mahali mkono wangu ulifika.

Kisha shule. Mwalimu alipanga mstari, akakagua vichwa, akaniambia nirudi nyumbani na nisionekane hapo mpaka ninyolewe. Nilirudi nyumbani. Sikuonekana tena. Watu huniuliza kwa nini niliishia darasa la tatu, nami huwaambia ni umaskini. Ni kichwa.

Siku hiyo susu alinichapa, halafu akatoa wembe kwenye ufa wa ukuta alipouweka siku zote. Akanishika sikio. Sikukimbia. Nilimwambia, "Ninyoe, susu. Lakini wewe ndiye utamwambia."

"Nimwambie nani?"

"Mama, akirudi."

Akaliachilia sikio. Halafu akaurudisha ukutani.

Mvua ilinyesha, mama hakuja. Ikanyesha ile nyingine, hakuja. Nywele nazo hazingoji mtu. Zilikua kwa chini, matuta yakainuka kutoka kwa ngozi, yakawa yananing'inia. Nywele za ndani zikashikana kama manyoya ya kondoo. Nikaendelea kuosha, polepole zaidi, mpaka siku moja tuta la pembeni likabaki mkononi mwangu, na uzi wake.

Nililipeleka kwa susu kama mtu abebaye kifaranga kilichokufa. Hakunichapa. Hakunicheka. Alinikalisha katikati ya magoti yake, akachukua mwiba, akaanza kufumua yale sita. Nywele zilitoka mabonge mabonge, lakini wembe hakuugusa. Aliponiosha alitumia ukwaju, akapaka mafuta. Halafu, kwa mikono yake iliyojua jembe tu, akaanza kusuka. Matuta yalipinda kama njia ya mbuzi. Ncha akazifunga na uzi uleule mweusi.

"Ni saba," akasema. "Akihesabu, atapata yametimia."

Mama alikuja wakati wa kuvuna mahindi. Alikuwa na viatu, na mtoto mgongoni ambaye sikumjua. Akanivuta, akanikalisha, akapeleka vidole kichwani. Vidole vikasimama.

"Huu si mkono wangu."

"Ni wangu," susu akasema akiwa jikoni.

"Nilisema mtu asiguse."

"Ulisema pia utarudi na mvua. Ilikuja peke yake, mara mbili."

Mama akafungua ule uzi mweusi. Alifumua yote, akanisuka upya, yamenyooka, mazuri sana. Asubuhi akafunga mtoto wake mgongoni akaondoka, na akaniambia maneno yaleyale: atayafumua mwenyewe. Nilisimama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha nikarudi, nikakaa katikati ya magoti ya susu.

"Yafumue."

"Mtoto wewe, hata hayajalala siku mbili."

"Yafumue, susu."

Akayafumua, akasuka upya kwa mkono wake. Nilikaa na yale yaliyopinda mpaka nikawa msichana mkubwa.

Miaka ya themanini nilifungua chumba cha mabati hapo Sultan Hamud. Wasusi walikuwa wengi, lakini kichwa kilichosukwa hakuna aliyetaka kukiosha. Wote walisema fumua kwanza. Mimi niliosha. Wanawake walishuka kutoka Nunguni, kule kwenye baridi, ambako nywele hazikauki vizuri na hunuka kama gunia lililonyeshewa. Nikishamaliza niliwaketisha kwenye benchi juani na sikuwaachilia. Mteja akisema ana haraka nilimwambia haraka ndiyo inayonuka. Mama alizeekea mji huohuo. Nilimwosha kichwa mara nyingi. Hatukuongea mambo hayo.

Leo nina ploti moja Sultan Hamud, vyumba vinne, kimoja ni saluni. Viti vitatu vya saluni, mashine mbili za kukausha, moja imeharibika. Tangi kubwa la maji ya mvua. Shamba la Kanyangi, ekari saba, na kaburi la susu ndani yake, limejengewa. Mikwaju miwili niliyopanda mwenyewe. Mbuzi kumi na wanne. Mkebe wa mafuta. Wembe mmoja, una kutu.