Jeneza la Golikipa

Kaka yangu alizikwa mara mbili kabla hajafa. Waliomzika ni wanafunzi wa shule ya ng'ambo ya mto, upande wa Mohoro, na mara zote mbili nilikuwepo uwanjani, nimevimba kwa hasira.

Alikuwa golikipa wa sekondari yetu, huku Mtunda. Kila mwaka, mashindano ya shule za wilaya yakifika, ilikuwa lazima tukutane na wale, na kila walipotufunga waliingia uwanjani na jeneza. Walilitengeneza kwa fito na makuti, wakalifunika kanga iliyochakaa, wakaandika jina la kaka kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Mbele alitangulia msichana mmoja mrefu, kiongozi wao wa kushangilia, kajitanda kaniki kama mjane, analia: "Mume wangu, umeniachia nani? Mipira atadaka nani?" Wenzake wanaitikia. Uwanja mzima unacheka, hadi walimu wetu. Mimi aliniita wifi. Akinipita na jeneza lake ananipa pole ya msiba, na mimi namjibu maneno ambayo mama asingependa kuyasikia.

Ustadhi wetu alikemea kila mwaka kwamba mauti hayachezewi, na hakuna aliyemsikiliza. Utani ule ulikuwa na sheria yake: jeneza linakaa kwao mpaka mwaka unaofuata. Mkiwafunga, wanalileta wenyewe, mnalichoma nyuma ya goli, marehemu kafufuka. Tuliwahi kulichoma mara moja. Kaka aliuruka ule moto huku akimwambia mjane wake eda imekwisha, arudi nyumbani akapike. Jamani, siku ile tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Mwaka uliofuata wakatufunga tena. Jeneza jipya, jina lilelile, likapanda lori na kuvuka daraja.

Halafu wilaya ikagawanywa. Watu wazima walifurahi, ati ofisi zinasogea karibu, Kibiti nayo inakuwa na mkurugenzi wake. Sawa. Lakini mwalimu wa michezo alisimama mstarini akatangaza kwamba kuanzia mwaka ule tutacheza na shule za Kibiti na delta peke yake. Kaka alikuwa kidato cha nne, mwaka wake wa mwisho. Akanyoosha mkono.

"Na wale, mwalimu?"

"Wale sasa ni wilaya nyingine."

Akaomba angalau mechi ya kirafiki. Mwalimu akasema hakuna mafuta ya lori, na isitoshe, tangu lini sisi na wale tukawa na urafiki? Watu wakacheka. Kaka akakaa chini.

Akamaliza shule, akalima mpunga, akaoa. Mara mojamoja, katikati ya chakula, angesema, "Wale watu bado wana maiti yangu." Sisi tunacheka. Mama hakucheka hata siku moja. Alikuwa anashika tonge lake la ugali mkononi, hali.

Kaka alianza kuumwa kichwa, ikafuata homa. Hospitali walihangaika naye kweli, siwezi kuwasema vibaya. Akafa bado kijana, na ndevu hazijajaa.

Baada ya arobaini mama akalisema. Ni lile jeneza. Jina la mwanawe limekaa juu ya jeneza miaka yote ile, halikuchomwa, likamvuta. Nikamwambia mama, hiyo ni shirki, unajua. Akasema anajua. Lakini watoto wa shule wakianza kushangilia uwanjani alasiri, anaamka anafunga mlango, joto lote lile. Akawa anakula kidogo, kisha hali kabisa. Na mimi mjuaji, nikiwa shambani naamia mpunga, nafukuza ndege, nikawa nasikia sauti ya yule msichana mchana kweupe. Mume wangu, umeniachia nani. Nageuka, hakuna mtu. Niliogopa, sitaficha.

"Nenda ukalitafute," mama akaniambia. "Ulichome. Nami nitakula."

Nikapanda basi, nikavuka daraja, nikafika Mohoro nikamuulizia yule kiongozi wao wa kushangilia. Hakuwa mgumu kupatikana. Mtu mrefu hivyo na mwenye sauti ile anajulikana. Nilimkuta uani kwake anapepeta mchele, mtoto kamfunga mgongoni. Akanitazama kidogo tu, akacheka kwa nguvu.

"Wifi! Mume wangu hajambo?"

Nikamwambia. Akaweka ungo chini taratibu, akausawazisha mchele kwa kiganja kana kwamba ndiyo kazi iliyobaki duniani. Nikamweleza na habari ya mama na jeneza, nikamwomba anionyeshe lilipo.

Akasema halipo. Mwaka uleule wa kugawanywa, walipoambiwa hakuna mechi, walisubiri mpaka muhula ukaisha. Kisha yeye na wenzake wakalitoa stoo, wakalichoma nyuma ya goli lao.

"Jeneza la mtu haliwekwi tu hivi," akasema. "Moto niliuruka mimi, kwa niaba yake."

Halafu akaanza kulia. Maneno yalikuwa yaleyale ya uwanjani, na sauti ileile iliyokuwa inanifuata shambani, ila safari hii hapakuwa na wa kuitikia. Nikaitikia mimi. Mtoto mgongoni akaamka naye akalia, tukawa watatu.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilijua nimebeba dawa. Nikamkalisha mama, nikamweleza yote: limechomwa zamani, kaka akiwa bado mzima, anadaka mipira ya mtaani na afya yake tele. Hakuna kilichomvuta. Nikasonga ugali, nikamtengea.

Mama akauliza:

"Mwaka uleule?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mwanangu kafa hivihivi tu."

Akanawa, akala, kama alivyoahidi. Tangu siku ile hafungi tena mlango. Watoto wakianza kushangilia anakaa kizingitini, anawasikiliza mpaka mwisho, na mimi naona ilikuwa nafuu alipokuwa anaufunga.