Nyumba ya Vigae ya Stefania

Wageni wakija Sumbawanga kutazama nyumba za zamani wanapelekwa Misheni, wanapelekwa kwenye maduka ya Wahindi, wanapiga picha, wanaondoka. Nyumba ya Stefania hawaonyeshwi. Na ilikuwepo, njia ya Namanyere, watu wakitoka misa ya Jumapili wanazunguka makusudi wapite pale waitazame.

Mumewe, Gaudensi, alijifunza kuchoma vigae Misheni. Wenzake wote waliezeka nyasi, yeye akaezeka vigae vyekundu, viangazi vitatu mpaka paa likaisha. Kuta zilikuwa tofali mbichi, na hiyo ndiyo kazi ya Stefania. Alisiriba kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, juu akapaka udongo mweupe aliokuwa anaufuata mwenyewe bondeni, chini akazungushia mwekundu. Kila masika yakiisha anarudia. Gaudensi alikufa vigae havijaota hata ukoga. Stefania akabaki na binti yake Josefina na ile nyumba. Maneno alikuwa nayo machache, ila ukimsifia ukuta, umekaa mpaka jioni.

Mwaka wa sabini na nne amri ikaja: watu wahame huko walikotawanyika, wakae kijiji kimoja, nyumba mstari kwa mstari. Kwingine mapaa yalishaanza kung'olewa ili watu wasirudi. Kuhama Stefania hakukuogopa, maana kila mtu alikuwa anahama. Aliogopa vigae vya Gaudensi kupigwa rungu.

Hapo ndipo akaja Wilibrodi, mdogo wake Gaudensi, balozi wa nyumba kumi, cheo kidogo tumbo kubwa. Akamwambia shemeji yake kwamba baada ya wiki mbili anakuja mpimaji, kijana wa Kinyakyusa anaitwa Andwele. Akiona nyumba ni nzuri kweli, atapanga kijiji kiifuate, haitavunjwa. Uongo hakusema hata neno moja, na ubaya wake uko hapo hapo.

Stefania akasiriba mpaka viganja vikapasuka. Akapika pombe ya ulezi, akachinja jogoo. Andwele akafika na kamba yake na vigingi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasema hata kwao Tukuyu hajaona ukuta laini hivi. Mama wa watu akamtembeza chumba kwa chumba kama anaonyesha mjukuu. Kijana akala, akanywa, akaandika.

Kijiji kikaifuata nyumba kama ilivyoahidiwa. Halafu ikasomwa mkutanoni: nyumba ya vigae itakuwa ofisi ya kijiji, nzuri kama ile haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Watu wakapiga makofi, hata wale waliokunywa pombe yake. Stefania akapewa kiwanja ng'ambo ya njia, nyasi akakate mwenyewe. Na aliyetoa wazo la ofisi nani? Wilibrodi. Mwenyekiti akawa nani? Huyo huyo. Meza yake akaiweka pale kilipokuwa kitanda cha kaka yake.

Andwele alikwenda kumuaga Stefania, macho chini.

"Mama, mimi nilitaka isivunjwe tu."

"Haijavunjwa, mwanangu. Si unaiona imesimama."

Masika mawili yakapita, ukuta wa upande wa mvua ukaanza kumenyuka. Mwenyekiti akapanga wanawake wa zamu. Wakapaka matope, yakakauka, yakapasuka. Wakapaka tena, yakaanguka mabamba mabamba. Mwishowe Wilibrodi akavuka njia mwenyewe, kofia mkononi, akamkuta Stefania anapepeta ulezi.

"Shemeji, njoo utusiribie ofisi. Tofali zinalowa."

"Wanawake wa zamu wamekufa?"

"Hawajui kama wewe. Na ile ni nyumba ya kaka."

"Leo imekuwa ya kaka yako."

"Itaanguka, mama Josefina."

"Niliisiriba vizuri mara moja, Wilibrodi, mkaipenda. Sirudii."

Akaendelea kupepeta, makapi yakamwangukia mwenyekiti kwenye suruali. Josefina naye akamsihi, akasema vile ni vigae vya baba. Akajibiwa kwamba vigae vina mwenyewe siku hizi, anavikalia.

Masika ya mwaka wa sabini na nane ule ukuta ukakaa chini kama ng'ombe aliyechoka, na paa lote likaufuata, asubuhi, kabla mtu hajafungua ofisi. Stefania alikuwa shambani analima matuta. Akasimamisha jembe, akasikiliza mpaka kishindo kikaisha. Wenzake wakakimbia kutazama. Yeye akamaliza tuta lake, akaanza jingine.

Vigae vizima watu waliokota, wakafunikia mitungi ya maji. Kwa Stefania hukukuta hata kimoja, na salamu ya Wilibrodi hakuiitikia mpaka anakufa. Ila mvua ikianza kunyesha alikuwa anaacha kazi, anainua uso. Josefina akimuuliza anasikiliza nini, anasema hakuna kitu, kwenye paa la nyasi mvua haina sauti.