Mgeni Aliyekunja Pua

Vyama vingi vilipokuwa bado vigeni kwetu, ofisi niliyofanyia kazi Mwanza ilipata mgeni, nikapewa kazi ya kumtafsiria. Alikuwa mwanamke kutoka kaskazini kabisa mwa dunia, mjumbe wa baraza la mkoa wa kwao. Kitabu chetu cha jiografia kiliwaita watu wa kwao Waeskimo. Yeye alinirekebisha tukiwa kwenye kivuko cha kwenda Sengerema: waite Inuiti, maana yake ni watu tu.

Mimi mbea wa kuzaliwa, sikumwacha apumue. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa mwindaji, kwamba yeye alianza na ualimu, akaingia halmashauri ya kijiji, kisha baraza la mkoa. Kwao bahari inaganda, wanapita juu yake na mizigo. Akauliza ziwa letu huganda mwezi gani. Nilicheka, halafu nikaona haya, kwa sababu maswali yangu hayakuwa na akili kuliko lake.

Nilimpeleka kijijini kwa mama mdogo. Mama mdogo alitaka kugombea udiwani na mumewe, baba mdogo, alikuwa amemkataza. Sisi ndugu tulilijua hilo, tukanyamaza. Nilijua atamuuliza mgeni jambo, na nilikuwa na hamu ya kulisikia.

Mkutano wa kumsikiliza mgeni ulikuwa karibu na mwalo wa wavuvi, dagaa wameanikwa pembeni. Wanawake walijaa; baba mdogo na wanaume wachache walikaa nyuma. Wakamuuliza mgeni kama ana watoto. Akainua nyusi tu. Mimi nikasubiri jibu ili nilitafsiri, wanawake wakawa wameshaitikia, "Eeh, anao!" Hata kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo. Nikajiona sina kazi.

Ndipo mama mdogo akasimama. "Mama, ulipotaka kugombea, mume wako alikukubalia?"

Mgeni akakunja pua.

Kicheko kililipuka. "Kumbe mume ananuka!" mmoja akasema. Mwingine akamtetea, eti maskini, ni hawa dagaa wetu. Wakaanza kubishana wahamishe mkeka wa mgeni au wahamishe dagaa. Mimi mwenyewe niliamini ni dagaa, nikamwomba radhi kwa Kiingereza. Alinishangaa. Kwao, alisema, kukunja pua ni kusema hapana.

Nikawaeleza. Kicheko kikakatika.

"Hakukubali," mama mdogo akarudia polepole. "Na ukagombea?"

Nyusi zikapanda.

"Akafanyaje?"

Safari hii mgeni alisema kwa maneno. Mumewe alinuna majira yote ya baridi, na baridi ya kwao ni ndefu. Alipoona mambo ya kijiji yanasikika mkoani, akaacha kununa. Hakuwahi kusema amekosea.

Mama mdogo hakuketi. Aliwageukia watu, akasema anagombea udiwani wa kata. Nilimwogopea na kumwonea fahari kwa pamoja.

Baba mdogo aliinuka kule nyuma. "Kura yangu usiihesabu."

"Sijaihesabu," alimjibu. "Nimewahesabu hawa."

Baba mdogo akawatazama wale wanawake waliokaa mbele yake, akapeleka macho mpaka mwisho wa mkeka. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani.