Mtafsiri Mpya na Unga wa Temeke

Shirika letu liligawa unga, sukari na sabuni kwa maduka ya kaya, na mgao ulipangwa na kompyuta. Waandishi wa programu tulikuwa wawili: mie, na Mhindi mmoja wa Kinondoni, mkubwa kwangu, aliyeandika karibu programu zote za zamani.

Ikaja tepu ya mtafsiri mpya, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Niliitaka sana. Lugha yetu ya kuandikia ilikuwa imeongezwa maneno, na kazi ya ukurasa mzima ikawa mistari michache.

"Na za zamani zitapita?" mwenzangu aliuliza.

"Kitabu chake kinasema zitapita."

Hazikupita. Majina aliyoyatumia yeye ndani ya programu zake miaka yote, lugha mpya ilikuwa imeyachukua kwa shughuli zake. Mashine ikaikataa programu ya mgao, ikatapika karatasi za makosa mpaka sakafuni.

"Turudishe ya zamani," alisema.

Mkurugenzi akakataa. "Ndugu zangu, nimeshatamka mkutanoni kwamba tumepiga hatua. Nirudi niseme nini?"

Basi tukakaa kusahihisha programu, kadi moja moja ya matundu ambayo mashine huisoma. Ukirekebisha jina hapa, kosa linachomoza kule. Mwenzangu hakunilaumu, na ukimya wake ulinichosha kuliko kadi.

Temeke unga ukaisha. Nikapanga foleni na kikapu changu kama wengine. Jirani yangu, mke wa mchonga vinyago, akageuka.

"Wanasema kompyuta imeharibika. Si ndiko unakofanya kazi wewe?"

"Haijaharibika, dada. Wameibadilishia lugha."

Akanitazama kama niliyemtukana. "Sie tunakula lugha?"

Kesho yake nilimfuata mkurugenzi ofisini. "Ndugu, mgao uendeshwe na mtafsiri wa zamani. Huyu mpya tumpe kazi mpya tu. Watu hawana unga."

Akasugua miwani. "Sawa. Lakini msilitaje nje."

Unga ukafika. Ila mashine haikuweza kubeba watafsiri wote wawili kwa pamoja, ikawa kutwa kubadilisha tepu. Mwenzangu aling'ang'ania lugha ya zamani, mie nikalazimika kuandika kwa lugha zote mbili, na kila mara nachanganya. Mpaka naacha kazi pale, swali langu la kwanza asubuhi, hata kabla ya salamu, lilikuwa mashine imeamka na lugha ipi.