Neno la Kiingereza Siku ya Posa Yangu

Naikumbuka vyema siku niliyoposwa, mjukuu wangu. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha juzijuzi, nasi tulikaa Frere Town. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusomea ualimu. Ndipo wakaja wazee wa Charo, karani wa bandarini, na mwenyewe wakamleta.

Baba mdogo alikuwa upande wao, niolewe mara moja. "Masomo ya nini tena?" akasema. "Hata Waingereza humwita mke *helpmeet*. Msaidizi wa nyumbani. Sivyo, Charo?"

"Ndivyo," akajibu Charo, ambaye Kiingereza chake kilisifika mpaka Changamwe.

Nami nilikuwa nikiwasikia toka ndani. Nikatoka chumbani, nikapiga magoti mbele ya baba. "Baba, naomba niseme."

"Sema."

"Hilo zamani halikuwa neno moja. Yalikuwa mawili, *help* na *meet*. Na *meet* hiyo si ya kukutana. Ni neno la kueleza sifa ya kitu, la kale, limebaki kanisani tu. Asili yake ni kupima. Kitu kikiwa *meet*, kimelingana na mwenziwe, kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chako. Basi ni msaidizi anayelingana na mume. Watu walipoisahau maana, wakayaunganisha."

"Nani kakufundisha kubishana na wakubwa?" baba mdogo akafoka.

"Mimi," akasema Mwalimu Yohana, mzee aliyetusomesha mimi na Charo, na siku ile alikuja na wazee wa Charo. "Na asemayo ni kweli."

Baba akamgeukia Charo. "Wewe wasemaje?"

Charo akavua kofia. "Nimekosea, mzee. Mke wa kulingana nami ndiye nimtakaye. Na aende akasome. Nitangoja."

Wallahi, kigelegele alichopiga mama kule jikoni kiliwatoa majirani nje! Nikaenda, nikarudi mwalimu, nikafundisha Chaani hadi mvi zikaniota. Na Charo alingoja kweli. Ndiye babu yako.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukiambiwa neno la kukushusha, usiinamishe kichwa kabla hujauliza limetoka wapi. Uliza kwa adabu, lakini usikike. Na umwonapo mtu anayekubali kusahihishwa mbele za watu, huyo mshike.

Mungu akujaalie ulimi mpole na moyo usiotetereka, na nyumba yako isikose vicheko. Amina.