Nilivyomshauri Asiende Jeddah

Nilikuwa nimesoma sayansi ya viumbe mwaka mmoja na nusu huko Eldoret, nia yangu ikiwa kuingia udaktari baadaye. Kisha baba akaugua, nikaacha chuo na kwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Madam wangu hakujua hayo. Aliyegundua ni binti yake wa pekee, siku aliponikuta jikoni na daftari lake la baiolojia, kalamu mkononi.

"Umesahihisha mchoro wangu wa figo," akasema.

"Mshipa wa kuleta damu uliuweka mahali pa ule wa kuirudisha."

Tangu siku hiyo nikawa mwalimu wake. Mimi nikikata vitunguu, yeye alikariri. Alikuwa na bidii lakini mwoga wa kuuliza. Darasani angeweza kukaa muhula mzima na swali moja kooni. Alama zake za sekondari hazikutosha kuingia udaktari moja kwa moja, kwa hiyo ilibidi asome shahada ya sayansi kwanza, kisha aombe nafasi kama mhitimu. Vyuo viwili vilimkubali: kimoja hapo Riyadh, kikubwa, chenye sifa, kingine kidogo, Jeddah, karibu na kwa shangazi yake.

Baba yake alimwambia achague mwenyewe. Neno hilo lilinichoma, maana mimi sikupata kuchagua. Miaka ile wasichana wa rika lake walikuwa wameanza kuruhusiwa kuendesha magari, kwenda sinema, kuajiriwa maofisini. Nilifurahi pamoja nao, kwa mdomo tu.

Madam akanituma nimsindikize Jeddah akakione chuo. Mwalimu wa maabara, mama wa makamo kutoka Sudan, alituzungusha. Madarasa yalikuwa ya watu wachache. Wanafunzi walikwenda kujifunza hospitalini kila wiki tangu mwaka wa kwanza, na kila mmoja alikuwa na mwalimu wa kumfuatilia hadi siku ya kuomba udaktari. Nikashindwa kujizuia. Kwa Kiarabu changu cha jikoni nikauliza kama anayeanguka kemia huruhusiwa kurudia mtihani. Mwalimu akanigeukia akitabasamu.

"Swali zuri. Na wewe unajiunga mwaka huu?"

Kabla sijajibu, binti akacheka. "Hapana, huyu ni mfanyakazi wetu."

Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli, hata ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ilisema hivyo. Lakini nilibaki nimeshika mkoba wake, nikitazama vile viti virefu vya maabara na kumchukia kwa kila kimoja.

Ndani ya ndege ya kurudi akaniuliza, "Dada, wewe ungechagua kipi?"

Nilijua jibu. Mtu mwoga kama yeye alihitaji mahali padogo, ambapo walimu wangemuuliza yeye.

"Cha Riyadh," nikasema. "Kina jina. Wanaochagua madaktari huangalia jina."

Akanishukuru.

Muhula wa kwanza aliketi katika ukumbi wa mamia ya wanafunzi na hakufungua mdomo. Akaanguka kemia. Nilimkuta chumbani kwake analia, abaya bado mwilini. Nilidhani ningeridhika, na kwa dakika chache niliridhika kweli. Hilo ndilo lililonitia aibu.

Nikaketi sakafuni. "Nilikudanganya. Chuo cha Jeddah ndicho kilichokufaa. Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini?"

Nikamweleza yote: chuo nilichokiacha, ugonjwa wa baba, vile viti. Nilipomaliza akasema, "Tafadhali toka kwanza."

Hakunisemesha siku nne. Siku ya tano alimwambia baba yake kwamba anataka kuhamia Jeddah. Sababu hakuitaja, na jina langu halikuguswa.

Aliondoka mwanzo wa mwaka uliofuata. Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi Kenya, nikasomea ualimu, na sasa nafundisha baiolojia katika shule ya kutwa. Juzi alinitumia picha, amevaa koti jeupe kati ya wenzake wa udaktari. Chini yake aliandika, "Dada, nimeingia. Mama anakusalimu."

Niliiangalia picha hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilimjibu kesho yake, baada ya vipindi. Nilimpongeza, na nilimaanisha. Wivu nao ulikuwepo bado, umepungua kidogo tu.