Jiko Nililolihamisha

Siku ile hunijia kwanza kwa harufu, mwanangu. Kabla sijakumbuka nani alikuja na nani aliondoka, nasikia harufu ya gesi, kisha nasikia ubani juu yake, na hapo siwezi tena kukaa. Utaniona nimeinuka, nimezunguka ua, nimekwenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tangu asubuhi. Wajukuu zangu hunicheka. Waache wacheke, lakini wewe kaa kitako nikwambie, maana nataka ulijue jambo hili kabla halijakufika.

Umri wangu wakati huo ulikuwa umeshapita arobaini, kwa hivyo usidhani nakusimulia utoto. Lakini ubishi niliokuwa nao ulikuwa wa kijana wa miaka kumi na minane. Sikupenda kufundishwa. Redio ikinyamaza naifungua mimi, bomba likivuja nalifunga mimi, na mtu akisema tumwite fundi, nilihisi kama kanitukana.

Binti yangu Rukia alikuja kijijini kwetu Vitongoji kujifungua, kwani desturi yetu uzazi wa kwanza mtu hurudi kwa mama. Akajaaliwa mtoto wa kiume. Unajua mambo ya mzazi kwetu: akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anywe uji wa pilipili manga, na mwili wake usipigwe na baridi mpaka arobaini itimie. Nami nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna mwanamke Vitongoji nzima atakayesema Rukia wa Bi Salma hakulelewa uzazi wake. Bi Salma ndiye mimi.

Ilikuwa masika. Kuni zimerowa, zinatoa moshi tu, na mvua haitupi hata nafasi ya kuanika nguo za mtoto. Tulikuwa na jiko la gesi, baba Rukia alilileta kutoka Unguja anakofanya kazi, nami nililiweka jikoni, chumba nilichokipaka chokaa upya kwa ajili ya wageni wa uzazi. Siku ya tatu nikaona ya nini kubeba maji ya moto kutoka jikoni hadi chumbani, yanapoa njiani, na mzazi mwenyewe anatetemeka? Nikalivuta jiko na mtungi wake mpaka chumbani kwa Rukia, nikaliweka pembeni karibu na kitanda. Nikafunga madirisha. Chini ya mlango nikasokomeza kanga kuukuu. Jiko likawaka kutwa, maji yakachemka hapo hapo, chumba kikawa na joto zuri, na mimi nikajiona hodari kuliko mamangu na mama wa mamangu, waliohangaika na vigae vya makaa chini ya kitanda.

Haikupita siku mbili, moto ukabadilika. Ulikuwa wa buluu, ukawa wa manjano, unapepesuka, na sufuria zikaanza kuwa nyeusi chini. Nilichokonoa matundu ya jiko kwa sindano ya kushonea. Halafu ule mpira wa gesi ukapasuka kidogo karibu na mtungi, maana nilikuwa naukunja kila nikipita. Nikakata ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaufunga kwa nguvu mara tatu, nikaona mambo yamekwisha.

Baba Rukia alipiga simu, nikamwambia kwa kujisifu. Akaniambia, "Mwite fundi wa gesi. Mjini Chake yupo mmoja, kasomea."

"Mwanamme aingie kwa mzazi?" nikamjibu. "Watu waseme nini?"

Ilikuwa kweli kwamba hatumwingizi mwanamme mgeni kwa mzazi. Lakini mwanangu, nitakwambia ukweli ambao siku ile sikujiambia hata mwenyewe: nilijificha nyuma ya desturi. Jambo lililonikera hasa ni mtu kuja na mkoba wake kuniambia kwamba sikujua.

Rukia akaanza kusema, "Mama, kichwa chaniuma." Nikamwambia ni damu ya uzazi, anywe uji. Akasema anahisi kichefuchefu, nikamwambia asideke. Na yule mtoto, ewe Mola wangu, alikuwa halii. Analala asubuhi, analala mchana, ukimwamsha anyonye ananyonya kidogo anasinzia. Majirani wakija wananiambia, "Mashallah, mtoto mpole huyu." Nami nafurahi, kisha naogopa kijicho, namfunika uso.

Siku ya saba ndiyo siku yenyewe. Wageni walikuwa wanakuja baada ya sala ya adhuhuri, na tangu asubuhi nilikuwa nanusa kitu chumbani. Jiko nilikuwa nimelizima baada ya maji ya asubuhi, lakini mtungi sikuufunga. Nilijua harufu ile ni ya nini. Nilijua, lakini wageni wako njiani, chumba cha mzazi kinanuka, na aibu yake itanikalia mimi. Basi nikafanya tunachofanya sote nyumba ikinuka: nikenda uani, nikapuliza makaa, nikayatia katika chetezo, nikamwagia ubani, nikashika njia ya chumbani.

Mlangoni nikakutana na Bi Mize, dada mkubwa wa mamangu, amekuja mapema kusaidia. Mwanamke mfupi huyu, mpole, sijapata kumsikia akipaza sauti maisha yake yote.

"Simama hapo hapo!" alipiga kelele. "Chumba chanuka gesi, weye watia moto?"

Alinipokonya chetezo mkononi akakirusha uani, kikaanguka kwenye dimbwi la mvua. Ua mzima ulinuka ubani wa maji. Kisha akaingia akafunga mtungi, akafungua madirisha kwa ngumi maana yalikuwa yamevimba, akamwinua Rukia akamtoa barazani. Rukia alikuwa anayumba. Mtoto akamchukua mwenyewe, akamfunua, akamfinya kisigino. Akamfinya tena.

"Mwana huyu kalala tangu lini?"

Miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia. Anapumua, naam, lakini midomo yake ililegea na chuchu haishiki.

Bi Mize akamlaza mtoto mkekani kando ya Rukia, akatoka mbio kwenda kwa jirani mwenye gari. Na hapa, mwanangu, ndipo pananipandisha mori mpaka leo, na mori wenyewe ni juu yangu. Katika zile dakika chache alizotoka, sikumshika mjukuu wangu. Nilikwenda chumbani nikalivuta jiko, nikauvuta mtungi, nikavirudisha jikoni mahali pake, nikafuta alama sakafuni kwa kanga. Sikutaka mtu aone kwamba nilipika chumbani kwa mzazi. Bi Mize alikuwa ameufunga mtungi kwa papara, macho yake yote kwa mtoto, na nikajiambia kwamba hata yeye hatakumbuka ulikuwa wapi.

Gari likaja. Bi Mize akaingia na Rukia na mtoto. Nilipotaka kupanda akanizuia kwa mkono.

"Weye baki. Nimeshampigia fundi, yuko njiani. Mtu harudi nyumba hii mpaka jiko lile litazamwe."

"Mamkubwa, yule mjukuu wangu."

"Ndiyo maana nakwambia ubaki."

Wakaondoka. Sijui kama umepata kungoja namna ile. Nikakaa, nikainuka. Nikafagia pasipo na taka. Wageni wakaja wawili watatu, nikawaambia mzazi kapelekwa kupimwa tu, homa kidogo, nikawatilia chai. Wakaondoka. Nikampigia Bi Mize simu, akasema bado wanapima, daktari anadhani ni homa ya watoto wachanga. Nikatia udhu nikasahau nilipofika, nikaanza upya.

Fundi akabisha hodi. Jina lake Khalfan, mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, na mkoba wa turubai begani. Akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo Bi," akangoja barazani mpaka nikamkaribisha. Yule mwanamme niliyemwogopa siku zote zile alivua viatu vyake mlangoni akapita ameinamisha kichwa.

Nikampeleka jikoni. Alianza kwa kunusa. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira, kutoka kichwa cha mtungi hadi kwenye jiko, akaufungua mtungi kidogo sana, na pale kwenye kiraka changu povu likafura, likapasuka, likafura tena. Akaufunga. Mpira wa baiskeli akaufungua taratibu, akauweka sakafuni mbele yangu.

"Nani kaufunga hivi, Bi?"

"Sijui," nikasema. "Ulikuja hivyo."

Hakunibishia. Akalipindua jiko, akatoa vile vichwa vya moto, akanionyesha masizi yaliyojaa ndani na tundu moja lililotanuka kwa sindano. Akauliza moto ulikuwa rangi gani. Nikasema manjano. Akauliza tangu lini. Nikasema siku mbili, tatu, sikumbuki. Halafu akainua macho kuutazama ukuta wa jikoni. Akaupitisha kidole, akakitazama kidole chake.

"Bi, jiko hili halikuwa likiwaka hapa."

"Lilikuwa hapa."

"Jiko linalotoa masizi haya lingeutia weusi ukuta huu kwa siku moja. Ukuta wako mweupe." Hakunitazama alipokuwa akisema, na nadhani alifanya hivyo kunistahi. "Lilikuwa wapi?"

Nikamwambia yeye ni fundi wa jiko, si wa nyumba yangu. Ndiyo, mwanangu, nilisema maneno hayo.

Khalfan akaweka chini vyombo vyake. "Sikia, Bi. Harufu uliyosikia ni gesi inayovuja, nayo ina hatari yake, lakini angalau yanuka, yakuonya. Moto wa manjano chumba kimefungwa watoa hewa nyengine. Hiyo hainuki, haionekani. Mtu hulala nayo tu. Bi Mize kaniambia kwenye simu kuna mtoto kapelekwa hospitali. Kama mtoto huyo alikuwa chumba kimoja na jiko hili, daktari wake lazima ajue, na ajue sasa hivi. Hawezi kulikisia jambo asiloambiwa."

Simu ilikuwa kiganjani mwangu na vidole havikutaka kubonyeza. Unajua nilichokuwa nikikifikiria? Si mtoto. Nilifikiria Bi Mize atakavyoniita muongo mbele ya manesi, na mama mkwe wa Rukia atakavyosikia. Nakwambia haya kwa sababu utayakuta na wewe moyoni siku moja, na nataka uyatambue ukiyaona.

Khalfan akasema tu, "Piga, Bi."

Nikapiga. "Mamkubwa, mwambie daktari jiko lilikuwa chumbani. Siku nne. Kutwa linawaka na madirisha nimeyafunga. Moto ulikuwa wa manjano. Nimelihamisha mimi ulipotoka."

Hapo hapo nikamsikia akikimbia, makubadhi yake yanapiga sakafu, anaita, "Daktari! Daktari!" Simu ikakatika.

Khalfan akarudi kazini. Alibadilisha mpira, akabadilisha kichwa cha mtungi ambacho nacho kilikuwa kimechakaa, akasafisha vichwa vya moto kimoja kimoja kwa brashi ndogo. Mimi nazunguka tu. Nikimwuliza, "Watanipigia?" anasema, "Watapiga, Bi." Akaniita nipake povu mwenyewe, nikapaka, povu likatulia. Akawasha. Moto ukawa wa buluu, mfupi, unanguruma kidogo. Sikuweza kuutazama.

Simu ikalia wakati anafunga mkoba. Bi Mize alisema wamewatia wote wawili hewa ya oksijeni, mama na mtoto, na daktari amesema wangechelewa kidogo tu wangemkosa. Mtoto kanyonya. Nikakaa sakafuni palepale nikalia mbele ya mwanamme mgeni, na sikujali nani atasema nini.

Rukia alipotoka hospitali aliniuliza swali moja tu. "Mama, Bi Mize alipotoka, ulikimbilia jiko kwanza, au mwanangu?" Arobaini yake akaimalizia kwa mkwewe, Wete. Watoto wake wawili waliofuata amewazaa huko huko. Huja kunisalimu, hunibusu mkono, tunacheka. Lakini halali hapa. Jioni ikikaribia hukusanya watoto wake akaondoka, nami huwasindikiza hadi barabarani.

Basi shika haya, mwanangu. Moto wa nyumba yako ukibadilika rangi, au ukinusa gesi, funga mtungi, fungua madirisha, toa watu nje, usiwashe chochote, wala usifukize ubani. Mwite mtu aliyesomea kazi hiyo siku hiyo hiyo. Ikiwa kuna mzazi ndani, mvishe mtandio wake, mtoe barazani, fundi aingie. Hilo ni jambo la dakika tano. Usipike mahali watu wanapolala. Na fundi akija, mwambie yote, hata ulipochokonoa, hata ulipofunga kiraka, hata ulipohamisha. Kosa langu la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga Rukia alinisamehe. La pili, la kuficha, ndilo linalomwondosha kwangu kila jioni.

Mwenyezi Mungu ailinde nyumba yako na waliolala ndani yake. Akupe mikono ya kazi, na akikujaalia kukosea, akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi" wakati bado kuna mtu wa kuokolewa. Amin.